Gundi ya bakuli la vipande: swali sio ipi ina nguvu zaidi

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na samahani mapema maana hii itakuwa ndefu. Nimesoma makala yenu ya ukurasa wa ufundi kuhusu gundi za mbao, ile iliyopanga gundi kwa namba za nguvu halafu mwishoni ikasema anayekereza mabakuli ya vipande achukue tu ile ya juu kabisa kwenye orodha, inayohimili maji, basi hatakuwa na shida tena. Mi nakereza mabakuli ya aina hiyo miaka mingi sasa na kuna vijana wawili watatu nawafundisha, na siku makala ilipotoka mmoja wao kaja na gazeti mkononi ananiambia, "Mwalimu, kumbe siku zote tunatumia gundi dhaifu." Nikajaribu kumwelewesha pale pale lakini nikaona kama yeye kasoma hivyo basi wako wengine wengi wamesoma hivyo na hawana wa kuwaelewesha, ndo maana nimekaa kuandika.

Kwa wasiojua, bakuli la vipande halitoki kwenye gogo moja. Unakata vipande vidogo vya mbao vyenye pembe, unaviunganisha viwe pete, halafu unapandisha pete juu ya pete kama mtu anayejenga ukuta wa matofali, gundi ikishakauka unafunga mzigo wote kwenye kerezo, ile mashine inayozungusha mbao, unaanza kukereza. Pete 5 zenye vipande 12 kila moja tayari ni vipande 60, na kuna watu wanafika mia kadhaa kwenye kazi moja. Hakuna msumari humo ndani, hakuna skrubu, hakuna ulimi wala tundu la ulimi, ni mbao na gundi basi. Kwa hiyo mwandishi wenu alikuwa na haki kabisa kulipa uzito suala la gundi, hilo nampongeza, shida yangu ni swali alilouliza.

Ameuliza ipi ina nguvu zaidi. Sasa tuchukue hizo namba zenyewe. Kampuni ya Titebond inatangaza gundi zake tatu za mbao zinazojulikana sana hivi: ile ya kawaida ya njano pauni 3,600 kwa inchi ya mraba, ya pili 3,750, ya tatu ambayo ndo inahimili maji kabisa 4,000. Ukiangalia haraka unaona ya tatu imeshinda. Lakini namba hizo zinapatikana kwa kugandisha mbao ngumu ya mepo ubavu kwa ubavu, nyuzi za mbao zikiwa zimelala upande mmoja, halafu mashine inasukuma mpaka kitu kiachie, na kwenye kiungo cha namna hiyo kinachoachia kwanza mara nyingi ni mbao yenyewe, sio gundi. Yaani gundi zote tatu zimeshaipita mbao. Ukiwa na kamba tatu za kufungia mzigo na zote zina nguvu kuliko mzigo, haina maana kukesha mnabishana ipi ni nene zaidi.

Na bakuli letu halijagandishwa ubavu kwa ubavu, hapa ndo kwenye kiini cha barua yangu. Kipande cha pete kinakatwa kiasi kwamba nyuzi zinazunguka na pete, kwa hiyo pale kipande kinapokutana na mwenzake wanakutana kwa vichwa, pale nyuzi zinapoishia. Pete ya vipande 12 kila kichwa kinakatwa kwa pembe ya digrii 15 tu kutoka kwenye mkato wa moja kwa moja, ya vipande 16 ni 11.25, ya vipande 24 ni 7.5. Kadri vipande vinavyoongezeka ndo unakaribia zaidi kuwa kichwa kitupu. Na kichwa cha mbao kila seremala anakijua, ni kama mirija mingi iliyobanwa pamoja, ukipaka gundi inanyonywa ndani, ukirudi baada ya muda unakuta pale juu hamna kitu, kiungo kimekaa na njaa. Halafu hapo hapo mbao ikivutwa kwa urefu wa nyuzi zake ni ngumu ajabu kukatika, kwa hiyo tofauti na kule ubavuni hapa gundi ndo inakuwa mnyonge kati ya wawili. Ndo maana ile kusema "gundi ina nguvu kuliko mbao" ni kweli kwenye meza na ni hatari kwenye pete.

Dawa yake sio chupa ya bei ya juu, ni namna ya kupaka. Paka vichwa vyote safu nyembamba, acha dakika mbili tatu inywe, halafu paka tena ndo uunganishe. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu inachosha, ukiwa na vipande 60 una vichwa 120 na vyote vinapakwa mara mbili, naelewa. Lakini mimi sijaona kitu kingine chenye kubadilisha uimara wa pete kama hicho. Na uangalie gundi inayotoka ukibana, inatakiwa itoke vishanga vidogo vidogo vinavyofuatana mstari mzima, pakiwa pakavu mahali popote jua hapo hamna kitu, fungua upake tena kabla haijashika.

Kitu kingine kinacholiokoa bakuli ni mpangilio. Pete inayofuata inasogezwa nusu kipande ili kiungo cha juu kikae katikati ya kipande cha chini, kama matofali vile, na kule juu na chini pete zinakutana kwa ubapa, nyuzi kwa nyuzi, huko ndo gundi yoyote nzuri ya mbao inafanya kazi yake kamili. Pete moja peke yake unaweza kuivunja kwa mikono, pete sita zilizopangwa vizuri huwezi. Kwa hiyo mtu akiniuliza nguvu ya bakuli inatoka wapi namwambia inatoka kwenye ubapa, vichwa vyenyewe kazi yake kubwa ni kufunga vizuri na kutofunguka ukiwa bado unajenga.

Sasa kama nguvu sio swali, tuchague kwa kitu gani? Mimi nachagua kwa mambo matatu: inanipa muda gani kabla haijashika, ikishakauka inatulia au inaendelea kutembea, na mstari wake unaonekanaje.

Tuanze na kutembea maana hilo makala haikuligusa kabisa na ndo linaloumiza watu. Gundi hizi nyeupe na za njano zote ni ukoo mmoja, watu wa kemia wanaziita PVA, ni aina ya plastiki iliyogunduliwa na Mjerumani Fritz Klatte mwaka 1912, na plastiki hii hata ikikauka haiwi jiwe, inabaki na ulaini fulani. Ukiibebesha mzigo wa kudumu inasogea polepole sana, bila kupasuka. Kwenye kiti huwezi kugundua. Kwenye bakuli ulilopiga msasa mpaka likawa kama yai, ukamkabidhi mwenye nalo, miezi kadhaa baadaye akipitisha kidole anasikia vimistari vimenyanyuka kwenye kila kiungo. Sehemu ya hiyo ni mbao yenyewe kuvimba na kunywea pembeni mwa gundi hali ya hewa ikibadilika, sitaki kuisingizia gundi kila kitu, lakini gundi laini inaongeza. Na sasa sikiliza, ile namba 4,000, ile inayohimili maji ambayo makala imesema ndo ya kuchukua, ni laini zaidi ikikauka kuliko ile ya njano ya kawaida. Ya kawaida inakauka ngumu zaidi, inapigika msasa vizuri bila kuvutika na kuziba karatasi ya msasa. Kwa hiyo kwenye kazi yetu ile "dhaifu" ya 3,600 ndo mara nyingi inayotulia vizuri. Hilo ndo nilitaka yule kijana aelewe, na wenzake.

Muda sasa. Ile ya kawaida ukishaipaka una kama dakika 5 hivi kabla haijaanza kugoma, ile ya tatu inakupa kama 10. Dakika 5 kwa pete ya vipande 8 zinatosha, kwa pete ya vipande 24 unayotaka kuifunga yote kwa mpigo mmoja utatokwa jasho na vya mwisho vitakuwa vimeanza kushika kabla hujabana, hapo ya tatu ina faida ya kweli na mimi mwenyewe naitumia. Au ufanye kama nifanyavyo mara nyingi, unaunganisha viwili viwili kwa kusugua. Unapaka, unavikutanisha, unasugua kidogo mbele nyuma mpaka unasikia vimeanza kushikana, unashikilia kama nusu dakika, unaweka pembeni kwenye ubao wenye karatasi ya nailoni usigande. Viwili vinakuwa vinne, vinne vinakuwa nusu pete. Kwa njia hii ile ya kushika haraka inageuka rafiki.

Rangi ya mstari ni jambo la haraka. Mbao nyeupe na gundi inayokauka hudhurungi utaona mstari mchafu kila kiungo, kwa hiyo mbao nyeupe iende na gundi ya njano ya kawaida, mbao nyeusi nyeusi iende na ya hudhurungi. Ukichanganya nyeupe na nyeusi kwenye pete moja fuata nyeupe.

Nirudi kwenye gundi nyingine maana nazo makala ilizipanga kwenye orodha ile ile moja kama vile zinafanya kazi moja.

Supagluu. Hii nataka niseme kwa uzito wake. Ilipatikana mwaka 1942 kwenye kampuni ya Eastman Kodak, timu ya Harry Coover ilikuwa inatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea bunduki, wakaitupa kando kwa sababu ilikuwa inaganda kwenye kila kitu, ikaja kuuzwa madukani 1958. Ni kitu kizuri, ninacho kila siku karibu na kerezo, mbao ikiwa na ufa mdogo au jicho linalotaka kudondoka unadondoshea tone mambo yanakwisha. Lakini ikikauka ni kavu kama kioo, inahimili kuvutwa taratibu na haihimili kugongwa, na patasi ya kukereza kila inapopita kwenye kiungo inagonga. Miaka ya nyuma nilikuwa na haraka ya kumaliza kazi ya mtu, nikaunganisha pete mbili za juu kwa supagluu ili nisisubiri kesho yake. Ilikwenda vizuri mpaka nilipoanza kuipa mdomo umbo, ukaja mlio mmoja tu na pete ya juu haikuwepo tena, vipande viwili vilinipiga kwenye kinga ya uso na kimoja kilitoboa dari. Kinga ile ndo iliyoniachia macho. Nilikaa chini nikapiga hesabu ambayo nilitakiwa niipige kabla: kitu chenye upana wa milimita 300 kikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu mita 16 kwa sekunde, ni kama kilomita 57 kwa saa. Na ukiongeza mzunguko mara mbili nguvu inayovuta vipande nje haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kwa hiyo vijana, supagluu kwa nyufa, kwa pete hapana, hata ile nzito, hata na ile spreyi ya kuiharakisha, na hiyo spreyi ndo inaifanya kuwa kavu zaidi.

Ile gundi inayofura povu, poliyurethani. Makala imesema inafaa kwa sababu "inajaza nafasi". Inajaza kweli, lakini inajaza povu, na povu halina nguvu, ni kama kuziba ufa wa ukuta kwa sponji. Kiungo kikiwa kimebanana vizuri ni gundi nzuri na maji haiyaogopi, inahitaji unyevu kidogo ili iive na inachafua vidole siku kadhaa. Kwa pete za vipande sioni inachonisaidia kuzidi ile ya njano, na ule usumbufu wa kusafisha povu ndani ya bakuli dogo sitaki.

Epoksi, ile ya kuchanganya vitu viwili ndo ishike, ni habari nyingine, hii ina nafasi yake halali. Kuna mbao zenye mafuta, mtiki, mpingo na ndugu zake, gundi ya maji ikipakwa inakaa juu juu haiingii. Hapo unasafisha vichwa kwa asetoni, unasubiri ikauke, unaunganisha siku hiyo hiyo kabla mafuta hayajapanda tena juu, na epoksi inashika vizuri. Epoksi pia haina maji ndani yake kwa hiyo haivimbishi mbao, na haisogei kama PVA. Ubaya wake ni kwamba ukiibana sana unaikamua yote nje na kiungo kinabaki kitupu, inataka kubanwa kwa upole, vipimo vya kuchanganya viwe sawasawa, na glavu uvae kila mara, kuna watu ngozi yao inaanza kuikataa baada ya kuishika mara nyingi na ikishaanza hairudi nyuma. Na usipige msasa mpaka bakuli lichome mkono, epoksi nyingi zinazokauka zenyewe bila kupashwa moto zinaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na msasa uliochakaa ukiukandamiza unafika huko haraka kuliko unavyodhani. PVA nayo haipendi moto, kwa hiyo ushauri ni ule ule, msasa mpya na mkono mwepesi.

Kuna gundi ya unga ya yurea, unachanganya na maji, inakauka ngumu kabisa na haitembei hata kidogo. Wazee wengi wa kazi hii wanaisifu na wana haki. Inabidi kubanwa usiku mzima na vumbi lake lina kemikali ya fomaldehaidi, vaa barakoa. Nayo gundi ya wanyama, ile ya kupashwa moto kama nyuzi 60 ndo ipakwe, inatulia vizuri sana na watu wa Misri ya kale waliitumia kwenye fanicha zao, lakini inashika kabla hujapumua na maji yanaifungua. Kwa pete naiacha.

Sasa hili la maji. Mwandishi amekazania gundi isiyoogopa maji kana kwamba bakuli la vipande litalala kwenye maji. Halitalala. Ukiacha bakuli kwenye maji mbao itavimba na kujipinda na kufungua viungo hata ukitumia gundi ya kuundia meli, kinachoharibu ni mbao. Bakuli la matunda, la mikate, la saladi unayofuta na kukausha, njano ya kawaida inatosha, na kama kinakaa chakula chenye majimaji chukua ya pili au ya tatu, hizo kampuni yenyewe imeziruhusu kugusana na chakula kwa namna ya ubao wa kukatia. Chombo cha maua usijidanganye, weka kopo la kioo ndani lishike maji.

Kuna kosa moja linalofanana na kosa la gundi kabisa na sio la gundi. Mtu anakata kitako cha bakuli kipande kimoja cha ubao mpana, anakigandisha chini ya pete ya kwanza, baada ya muda kitako kinapasuka au pete inafunguka, anakwenda kununua gundi nyingine. Mbao kwa urefu wa nyuzi karibu haibadiliki, kutoka mbichi mpaka kavu inanywea asilimia 0.1 au 0.2 tu, lakini kwa upana ni kama asilimia 4 upande mmoja na 8 upande mwingine. Pete ya vipande nyuzi zimezunguka, mzingo wake haubadiliki, kitako kipana kinataka kupanuka na pete inakikatalia. Hapo hakuna gundi duniani itakayoshinda. Fanya kitako kidogo, au kichongee mfereji kikae huru bila gundi, au nacho kijenge kwa vipande.

Na nirudi kwenye kukata, maana nikiacha hili nitakuwa nimefanya kosa lile lile la makala, la kumfanya msomaji aamini kwamba kila kitu kiko kwenye chupa. Pete ya vipande 12 ina mikato 24. Msumeno wako ukikosea robo ya digrii tu kila mkato, robo mara 24 ni digrii 6 nzima, kipande cha mwisho kitakuwa na mwanya unaopitisha kucha. Mtu akiona mwanya huo anafanya nini, anachukua ile klampu ya mkanda wa chuma ya mipira ya maji anaibana mpaka mwanya unafunga. Umefunga, ndio, lakini pete nzima sasa ni kama upinde uliovutwa, na gundi italazimika kuushikilia huo upinde siku zote, na kama nilivyosema PVA ikibebeshwa mzigo wa kudumu inatembea. Kwa hiyo panga kwanza bila gundi, funga kwa mpira wa baiskeli, inua kwenye mwanga. Mwanga ukipita usipake gundi. Njia rahisi ya kuokoka ni kuunganisha nusu pete mbili, kuziacha zikauke, halafu kuzisugua vichwa vyote viwili kwa pamoja kwenye ubao bapa wenye msasa mpaka vilale sawa, ndo unaziunganisha. Kosa lote la mikato 24 linaishia kwenye viungo viwili na hapo unalifuta kwa msasa. Na msumeno uwe mkali, jino butu linachoma kichwa cha mbao kinang'aa, na kichwa kinachong'aa hakinywi gundi.

Kuhusu kusubiri. Chupa inasema klampu nusu saa mpaka saa moja, na kwamba kiungo kisipewe kazi mpaka saa 24 zipite. Watu wanasoma nusu ya kwanza tu. Mi nasubiri hizo 24 kabla ya kufunga kwenye kerezo na kwa kupitisha patasi mara ya mwisho pamoja na msasa nasubiri siku kadhaa tena, na sio kwa sababu ya nguvu. Hiyo gundi karibu nusu yake ni maji, maji yanaingia kwenye mbao pembeni mwa kiungo, mbao inavimba kidogo pale, wewe unakuja kuilainisha ikiwa bado imevimba, baadaye ikikauka inanywea na unabaki na kijifereji kila kiungo. Mteja anadhani ulikosea kupiga msasa, kumbe ulikosea kusubiri.

Na tarehe ya chupa muiangalie jamani. PVA inakaa kama miaka miwili ikitunzwa vizuri, ikigandishwa na baridi au ikiwa imeanza kuvutika kama utelezi, achana nayo. Ile ya kawaida ukiipaka chini ya nyuzi joto 10 inakauka nyeupe kama chaki na chaki haishiki kitu.

Anayetaka kujua gundi aliyonayo inafaa asisome orodha, atengeneze pete moja ya mbao za kutupa, vipande 8 vinatosha, aache saa 24, aivunje kwa mikono. Viungo vikiachia visafi, vinang'aa gundi kavu, basi kuna kitu hakiko sawa, ama hakupaka mara mbili ama vichwa vilikuwa na mafuta ama gundi imezeeka. Vikiondoka na nyuzi za mbao zimeng'ang'ania pande zote mbili, huyo aendelee. Na bakuli likiwa tayari kufungwa kwenye kerezo aligonge kila pete kwa kifundo cha kidole, pete nzima ina sauti ya kuita, iliyofunguka mahali inalia bubu kama chungu chenye ufa. Anza mzunguko wa chini kabisa, kinga ya uso imevaliwa, usimame pembeni ya mstari ule ambao vipande vingeruka, sio mbele yake.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni moja. Mtoe sahihisho kwenye ukurasa ule ule wa ufundi, sio huku kwenye barua peke yake, kwa sababu vijana wanaosoma ukurasa ule wengi hawafiki huku. Na kama mwandishi wenu atakubali, nimeshatengeneza pete mbili za vipande 12, moja nimeipaka vichwa mara moja na nyingine mara mbili, gundi ni ile ile, ya chupa moja. Nitazileta ofisini kwenu azivunje yeye mwenyewe.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa kukereza mbao